Nyumba Iliyoipa Barabara Mgongo

Miaka ile, mgeni akielekezwa kwa Dada Mkubwa kupeleka nguo, ilikuwa lazima ahangaike kwanza. Atatoka stesheni, atafuata barabara ya vumbi, atafika kwenye kona na kuiona nyumba ya matofali yenye bati la bluu. Hapo atasimama, kwa sababu upande wa barabara hakuna mlango. Kuna ukuta, kidirisha cha choo na bomba la maji machafu, basi. Wapo waliopiga hodi ukutani. Wapo walioona aibu, wakaenda zao kwa fundi mwingine aliyefungua kibanda mkabala na stesheni, mwenye mlango mpana na muziki kutwa nzima, ambaye hata kupinda suruali vizuri hajui.

Watu wa mji walishaifanya nyumba ile kichekesho chao. Walisema mwenyewe alishika ramani juu chini, au mwashi alikuwa amelewa. Mwashi hakuwa amelewa, na ramani ilishikwa sawasawa. Nyumba ilitazama kule ilikoambiwa itazame.

Dada Mkubwa alikuwa fundi cherehani. Jina hilo lilimpata akiwa bado msichana, mama yao alipofariki na kumwachia wadogo watatu na cherehani ya kukanyaga. Wachumba walikuja wawili watatu, wakakuta chumba kimejaa watoto, wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli mahali. Yeye akapiga moyo konde, akashona sare za watoto wa watu ili wadogo zake nao wasome. Wakasoma kweli. Wa kwanza akawa mhasibu kwenye kampuni ya bima, mtu wa maneno machache na risiti nyingi. Wa pili, wa kike, akawa nesi. Wa mwisho ndiye Kitindamimba, aliyejifunza kusimama kwa kushika miguu ya cherehani, na mpaka anaanza shule alikuwa akimwita dada yake Mama. Huyu aliingia kwenye biashara ya kuuza magari yaliyotumika, na kwa ulimi aliokuwa nao, hakukosea kazi.

Waliondoka mmoja mmoja, kila mtu na mji wake. Dada Mkubwa alibaki kwenye chumba kile kile cha kupanga ambacho miaka yote alikilalamikia kwa udogo. Sasa kilimzidi. Alianza kulala katikati ya kitanda, akashindwa kuzoea, akarudi ukingoni.

Ndipo reli mpya ikatangazwa. Ilikuwa inapita mbali, kwenye bonde ambalo hakuwa akiishi mtu, na katikati ya bonde hilo ilijengwa stesheni. Kuzunguka stesheni mji mzima ulipimwa kabla hajafika wa kuukaa: barabara, soko, shule, uwanja wa mpira, vyote vikiwa bado ni mawe ya mipaka ndani ya majani. Viwanja vikaanza kuuzwa. Mhasibu akaitisha kikao cha ndugu, na wote watatu wakaja siku moja kwa Dada Mkubwa, jambo ambalo hata ugonjwa wake wa mwaka uliotangulia ulikuwa haujaliweza.

Walibanana kitandani, ramani wameitandaza juu ya meza ya kukatia vitambaa. Mhasibu alionyesha kwa kalamu viwanja vinne, kimoja kwenye kona ya barabara na vitatu vikifuatana nyuma yake.

"Hivi vya pamoja," alisema. "Tukivichukua sasa, hatutajuta."

"Cha mbele awe nacho Dada," Nesi akasema. "Yeye ndiye mkubwa."

Kitindamimba alikuwa amemwegemea dada yake begani kama zamani. "Tutakaa ua mmoja," alisema. "Ila Dada, wewe mlango wako uutazamishe huku nyuma kwetu. Tusije tukawa tunazunguka barabarani kila tukitaka chai."

Wakacheka wote. Dada Mkubwa naye alicheka, kisha akatoka nje kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka, kwa sababu machozi yalikuwa yanamlenga na hakutaka wayaone.

Kasoro ya kikao kile ni kwamba watatu walitoka wakiwa na uwekezaji, na mmoja alitoka akiwa na ua. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Walisema maneno yale yale, wakacheka pamoja, wakaagana vizuri.

Dada Mkubwa alitoa akiba yake yote. Kiwanja kilipokuwa chake alirudisha ufunguo wa chumba, akapakia cherehani kwenye behewa la mizigo, akawapigia simu kuwaaga. "Basi na nyie msikawie," aliwaambia.

"Tangulia tu, Dada," Kitindamimba akamjibu. "Tuko nyuma yako."

Mwashi aliyempata huko alikuwa mtu wa makamo aliyeifuata reli tangu ilipoanza, akijenga nyumba za wafanyakazi. Siku ya kuchora msingi alivuta kamba, akamwaga chokaa, akasimama upande wa barabara.

"Mlango hapa, mama."

"Hapana, fundi. Kule."

"Kule kuna nini?"

"Kuna ndugu zangu."

Mwashi akatazama kule. Kulikuwa na majani yaliyofika kifuani, na kunguru mmoja juu ya jiwe la mpaka.

"Mama, wewe ni mtu wa cherehani," alisema kwa upole. "Utapoteza wateja."

"Mteja atazunguka. Hawa sitaki wazunguke."

Mwashi hakubishana naye. Alihamisha kamba zake, na nyumba ikapanda ikiwa imeipa barabara mgongo. Dada Mkubwa alinunua na tangi la maji, si la mtu mmoja bali la kutosha nyumba nne. Kwa kuwa peke yake hakuweza kuyamaliza, maji yalikuwa yanaota ukijani ndani, akawa anayamwaga na kulisugua tangi upya.

Mchana haukumsumbua. Kulikuwa na sare za kushona, treni za mizigo za kusikiliza, na wajenzi wa hapa na pale waliopita na nguo zilizochanika. Kilichomtesa ni jioni. Jioni alitoa kigoda, akakaa mlangoni, na mbele yake vilikuwa vile viwanja vitatu ambavyo alivifyeka mwenyewe kwa fyekeo, asitake wenyewe waje kukuta pori. Alivijua tabia. Cha Mhasibu kilikuwa kikavu, hakioti kitu kisicho na sababu. Cha Nesi kilitoa vimaua vya njano. Cha Kitindamimba kilikuwa korofi, ukikifyeka leo, keshokutwa magugu yanakuchekelea, naye alikigombeza kwa sauti. "Huoni haya wewe? Kila siku wewe tu." Halafu akajisikia akizungumza na majani, akaingiza kigoda ndani.

Alikuwa mpweke, na hakuna haja ya kulipamba jambo hilo. Treni za abiria zilipoanza, alikuwa akivaa gauni zuri na kwenda kusimama stesheni bila kuwa na mgeni, ili tu asimame katikati ya watu wanaosubiri. Abiria walishuka, wakakumbatiwa, wakatawanyika. Mkuu wa stesheni alimwuliza siku moja, "Mgeni wako hakuja, mama?" Akajibu, "Labda kesho," na tangu hapo akawa akisimama mbali na ofisi yake.

Kwenye kundi la simu la ndugu alituma picha: linta zimewekwa juu ya madirisha, bati limepigwa, mlango umepakwa rangi. Walimjibu kwa vidole gumba na mioyo. Mhasibu aliuliza kila mwezi, "Bei za huko zikoje sasa?" Dada Mkubwa alifurahi mno kuulizwa, akaenda mpaka dukani kuhakikisha, akajibu kwamba saruji imeshuka, na kama ni nondo wanunue mapema. Mhasibu alisoma, mwezi uliofuata akauliza tena. Viwanja ndivyo alivyokuwa akiuliza.

Nesi alikuja mara moja tu, kati ya treni ya asubuhi na ya mchana. Alisimama kwenye jiwe lake la mpaka akapigwa picha. "Mbona kimya hivi, Dada? Huogopi?" aliuliza.

"Mkija mtapiga kelele wenyewe," Dada Mkubwa akamjibu.

Mji ukakua, taratibu kisha kwa haraka. Ilifunguliwa shule, likaja soko, mafundi wakaanza kugombania kokoto. Siku moja walikuja watu wawili na futi ndefu, wakapima viwanja vyote vitatu. Alipowauliza, walisema wametumwa na wenyewe. Wiki hiyo hiyo Kitindamimba akapiga simu kwamba anakuja.

Moyo wa Dada Mkubwa ulikosa pa kukaa. Wanaanza kujenga, na anayeanza ndiye yule yule wa mguu wa cherehani. Alikifyeka kiwanja cha Kitindamimba mpaka udongo ukaonekana, akasugua tangi, akamwita mwashi aje na kamba na chokaa. Siku yenyewe alikwenda stesheni akiwa na gauni lile zuri, na safari hii alisimama karibu kabisa na ofisi ya mkuu wa stesheni.

Kitindamimba alishuka akiwa amenenepa, ananukia marashi. Alimkumbatia dada yake, akaisifu nyumba, akazunguka akaingia kwa mlango ule uliokuwa ukimsubiri. Alikunywa chai, akaiweka glasi chini, akaanza kusugua magoti.

"Dada, kuna mfanyabiashara wa nafaka anataka kujenga ghala karibu na reli. Vile vitatu tumeshakubaliana naye. Anakitaka na hiki chako, na hela atakayotoa ni nzuri."

"Mmeshakubaliana."

"Tulitaka ulisikie kwa mdomo, si kwa simu."

"Na ule ua?"

"Ua gani?" Kisha akaelewa kidogo, akacheka bila kufurahi. "Dada, ile ilikuwa kuwekeza. Tulidhani unajua. Sasa nani angeacha kazi yake aje kukaa huku?" Alijisikia alichosema, akainamisha uso. "Sikuwa na maana hiyo."

"Maana yake ni hiyo hiyo."

"Lakini ujue wewe ndiye uliyetufaidisha," alisema haraka, akitafuta kumfurahisha. "Jamaa mwenyewe kasema, pangekuwa pori asingehangaika napo. Kaona pamefyekwa, pana nyumba, pana maji. Ni kazi yako hiyo, Dada."

Alimsifu kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Dada Mkubwa alitazama nje, kwenye udongo alioufyeka jana yake. "Unakumbuka ulichoniambia kuhusu mlango?" aliuliza.

Kitindamimba alijitahidi. Alikunja uso, akatafuta kwa kweli. "Mlango upi, Dada?"

Angekuwa amemdanganya, Dada Mkubwa angemkaripia kama alivyomkaripia utotoni. Lakini kwa mtu aliyesahau hakujua aanzie wapi. Alimwambia kwamba nyumba haiuzi, akamfungia andazi la njiani, akamsindikiza stesheni. Aliporudi alimkuta mwashi ameketi kwenye ndoo yake, kamba mkononi.

"Mgeni yuko wapi, mama?"

"Ameondoka."

"Na msingi?"

"Hakuna msingi, fundi. Lakini siku yako nitakulipa."

Mwashi alikataa malipo, akasaidia kuingiza kigoda ndani.

Ghala lilipanda haraka, maana wenye hela hawajengi kwa kudunduliza. Kila asubuhi Dada Mkubwa alifungua mlango akakuta tofali zimeongezeka. Kilipotea kiwanja cha mbali cha Mhasibu, kikapotea cha Nesi, na mwisho ukuta ukasimama pale pale palipokuwa na magugu korofi, hatua chache kutoka kizingiti chake. Alishangaa kwamba aliyakumbuka magugu yale. Jua likawa haliingii tena, akawa anawasha taa mchana ili aone tundu la sindano.

Alivumilia hivyo msimu mzima. Kisha akamwita mwashi, akasimama naye barabarani, akagusa ukuta karibu na bomba. "Hapa," alisema.

Mwashi alitoa tindo na nyundo. Alifanya kazi mpaka tofali la kwanza likadondokea ndani na mwanga ukapita. Alipopumzika alimtazama. "Ule wa kwanza ulikuwa wa ndugu. Huu unatazama kwa nani, mama?"

"Hautazami kwa mtu, fundi. Unatazama barabarani."

Fremu ilikuwa haijakauka vizuri wakati mwanamke mmoja mwenye mtoto wa shule aliposimama nje. "Kumbe hapa ndipo kwa fundi?" alisema. "Mwaka mzima napita." Dada Mkubwa alimkaribisha, akamsimamisha mtoto kwenye mwanga, akaanza kumpima mabega. Simu ikalia mezani. Lilikuwa kundi la ndugu.

Mhasibu aliandika kwamba reli inaendelezwa, kuna mji mpya unapimwa mbele, viwanja bado ni vya bei chee, wachukue vinne vya pamoja. Nesi aliweka kidole gumba. Kitindamimba aliandika: "Safari hii tukae ua mmoja kweli. Dada achague cha kwake kwanza."

Moyo wake, usiojua haya, uliruka. Kwa kitambo kidogo aliiona nyumba nzima, tangi, kigoda, mlango ukitazama nyuma, nao wakija bila viatu kutaka chai. Futi ilikuwa bado mkononi mwake na mtoto alikuwa anamtazama. Alimaliza kumpima, akaandika vipimo kwa chaki pembeni mwa kitambaa, kisha akachukua simu.

"Chukueni vitatu," aliandika.

Akausoma ujumbe ule, akaona umekuwa mkavu mno kwa watoto aliowalea, akaongeza: "Mkipita huku, msizunguke. Mlango wangu sasa uko barabarani."