Novath na Ndama Asiyekuwapo

Novath wa Kaisho alikwenda Rubwera kwenye semina ya saikolojia kwa wazazi akiwa mtu wa kawaida, mwenye ng'ombe na migomba yake. Alirudi nyuma ya bodaboda akiwa na cheti, fulana, na maradhi ya kijiji kizima.

Kabla ya hapo jirani yake Anatory alikuwa mkorofi tu. Sasa akawa mtu "anayewatwika wenzake", yaani, Novath alieleza, ana wivu, lakini badala ya kuuona wa kwake, anauona kwa kila apitaye njiani. Fahali wake aliyekuja mbio kila alipoona beseni la chumvi, hata likiwa tupu, alikuwa na "mwitiko wa kuzoeshwa". Ila neno alilolipenda kuliko yote ni "kukana": mtu anaambiwa ukweli unaomuuma, anasema haupo.

"Utamjuaje anayekana?" aliuliza mkewe, Adelgunda, akimenya ndizi.

"Anakataa. Akikataa sana, ujue amezidiwa."

"Na mzima akiulizwa, aseme nini?"

Novath alisema hilo halikufundishwa.

Binti yao Atuhaire alikuwa amempata kijana fundi cherehani wa Bugene, na nyumba nzima ilimpenda. Jumamosi wageni wa upande wa kijana wakaja na kibuyu kikubwa cha rubisi, pombe ya ndizi. Msemaji wao, mzee Elpidius, alipokea kahawa ya kutafuna, akatafuna taratibu, kisha akaanza kama baba zake walivyoanza:

"Mwenzetu, sisi ni wapita njia. Ndama wetu amepotea. Tumefuata kwato zake hadi langoni kwako."

Hata mtoto anajua jibu lake. Unauliza ndama ni wa rangi gani, mnazungushana mpaka jua lipoe, ndipo binti anatajwa.

Novath alimtazama kwa huruma. "Mzee wangu, hakuna ndama aliyepotea. Mmekuja kuposa. Huko ndiko kukana."

Elpidius aliacha kutafuna. Akadhani ni utani mpya wa Kaisho, akajaribu tena. "Hata kama tungeposa, bwana, sisi ni akina nani? Watu duni, tusiostahili hata kukalia viti hivi."

"Kujiona duni," alisema Novath, akisogeza kiti karibu. "Kulianza lini? Utotoni ulikuwa ukipigwa?"

Mzee akatema maganda kiganjani, akainuka nusu. "Vijana, chukueni kibuyu chetu."

Kibuyu kikirudi kimejaa, harusi hakuna. Kwenye mlango wa jikoni Atuhaire alijifunika uso kwa khanga. Novath alimwona, na kwa mara ya kwanza tangu semina hakupata jina la alichokiona.

Adelgunda akaja akapiga magoti. "Shikamoo, baba. Mtuvumilie. Mume wangu anaumwa tangu Rubwera."

"Mimi siumwi!"

"Mnamsikia?"

"Siumwi hata kidogo! Nani kasema naumwa?"

"Mwenyewe ndiye aliyetufundisha," Adelgunda aliwaambia wageni kwa upole. "Akikataa sana, amezidiwa."

Vijana waliobeba kibuyu wakaangalia chini, mabega yakitikisika. Elpidius akamgeukia Adelgunda.

"Na maradhi hayo yanapona?"

"Akiulizwa habari za ng'ombe, baba."

Mzee akaketi tena. "Mwenzetu, ndama wetu amepotea."

Novath alitazama kibuyu, akatazama khanga mlangoni. Alijua vizuri kabisa kwamba hakuna ndama.

"Wa rangi gani?"

"Mweusi wa kung'aa, macho makubwa."

"Huku yupo mmoja wa namna hiyo," alisema Novath. "Ila anapiga mateke."

"Kwetu zizi ni imara!"

Nyuma ya khanga mtu akacheka.

Kibuyu kikafunguliwa. Elpidius alimaliza kikombe cha kwanza kwa mkupuo mmoja, akaomba cha pili, akawaambia wote kwamba yeye kwa kweli si mnywaji. Novath akafungua mdomo. Adelgunda akakohoa kidogo tu, na mdomo ukajifunga wenyewe, kama fahali anavyolikimbilia beseni tupu.