Jicho la Mbali

Mamangu alikuwa amebakiwa na jicho moja la kutegemea. La kushoto lilikuwa limekwisha kuuawa na presha ya jicho. La kulia lilifunikwa na mtoto wa jicho, na daktari aliahidi kuuondoa ukungu huo na kuweka lenzi mpya mahali pake.

"Chagua, mama," alisema daktari. "Lenzi ya mbali itakuonyesha sura za watu barabarani, lakini kazi ya mkononi itataka miwani. Ya karibu ni kinyume chake."

"Na ile ya kuona kote?" nikauliza.

"Ipo. Lakini huugawanya mwangaza, na taa huonekana zina miduara. Presha imeanza kuligusa hata jicho hili. Simshauri aichukue."

Mama akacheka. "Jicho nalo lachaguliwa kama leso!"

Nilijua atataka la karibu. Tangu utoto wangu, hapo kwetu Likoni, aliketi mkekani akishona kofia nyeupe, akitoboa vitundu vidogo na kuvizungushia uzi hadi vikawa maua. Kofia ya harusi ya kaka yangu ilikuwa imefika nusu. Na mwenye jicho moja, tena la mbali, hata kwa miwani sindano humkwepa.

"La mbali," alisema.

"Na kofia, mama?"

"Kofia hainuni, mwanangu. Watu ndio hununa."

Nikaelewa. Tangu ukungu uingie, alikuwa akipishana na watu njiani bila salamu, na kwetu anayepita kimya huambiwa ana kiburi. Shangazi, dadake marehemu baba, alipitwa hivyo akakata mguu nyumbani kwetu. Mama alimtumia ujumbe kwamba haoni. Jibu likarudi: "Haoni, na kofia ashona?" Hakuna aliyeweza kumweleza shangazi kwamba jicho lile lilikuwa bado laiona sindano iliyo karibu na pua, ila si uso ulio ng'ambo ya njia. Siku hiyo mama aliiweka kofia chini.

Upasuaji ulikwenda salama. Jicho lilipopona, akawa anaketi barazani kila alasiri, akiwaamkua wapita njia kabla hawajamfikia, sauti yake imejaa furaha iliyonitia uchungu.

Kisha shangazi akatokea kule mbali, na kikapu chake.

"Wifi! Hujambo, wifi yangu? Watoka wapi na jua hili?"

Shangazi alisimama. Alimtazama mama moja kwa moja. Akalivuta buibui lake, akakata kona penye duka la makaa, akaingia uchochoro usioelekea kwake.



"Nimemwona hadi mikunjo ya kipaji cha uso," mama alisema. "Naye ameniona."

Akaingia ndani, akarudi na ile kofia. Kidole chake kilipapasa vitundu, kikafika vilipokoma.

"Mpelekee jirani aimalizie," akasema, jicho lake bado liko kwenye kona ile tupu, aliyoiona vizuri kabisa.