Pasi Itanyoosha

Katika karakana yetu ya kushona sare, kosa ni la aliyeligusa mwisho. Mkataji hukata, sisi wa mashine huunga, wa vifungo huweka vifungo, na kule mwisho kabisa, karibu na mlango wa nyuma, yupo mama mmoja na pasi yake ya mvuke. Jina lake limo kwenye daftari la mahudhurio, lakini sisi tunamwita Mama Pasi, naye anaitika. Kola ikikaa upande, tunasema, "Pasi itanyoosha." Mshono ukivuta, "Pasi itanyoosha." Na isiponyooka, basi ni pasi iliyoharibu. Miaka kumi na moja mwanamke huyu amebeba makosa yetu sote, na mgongo wake haukuajiriwa kwa kazi hiyo.

Namsema yeye, na mimi nitajisema, maana nyani haoni kundule, na nimechoka kuwa nyani.

Mama Pasi ni mwembamba, ana viganja vikubwa na makovu matatu ya moto kwenye mkono wa kushoto. Kovu la kwanza, husema, lilikuwa ujinga, la pili haraka, la tatu Profesa, aliyemwita ghafla kutoka nyuma. Profesa ndiye mkataji wetu: tepu shingoni, chaki sikioni, na jibu la kila swali hata ambalo hajaulizwa.

Nyumbani Mama Pasi anaishi na mama yake mzazi. Jicho moja la bibi huyo lilishazima, na la pili lina ukungu. Siku hizi huenda chooni kwa kuhesabu hatua. Walingoja miezi minane kupewa siku ya upasuaji: Ijumaa, saa tano asubuhi. Mama Pasi aliomba ruhusa mapema, akapewa kwa maandishi, akaibandika karatasi ukutani juu ya meza yake. Kila alipojaza maji kwenye pasi aliitazama.

Wiki hiyohiyo tukaletewa kazi ya makoti sitini ya walinzi. Kitambaa chake kilikuwa kizito, uso unang'aa, mgongo umefifia. Kitambaa cha namna hiyo hukunjwa uso kwa uso kabla ya kukatwa, ili kila mkono wa kushoto utoke pamoja na mwenzake wa kulia. Lakini Jumatatu Profesa alikuwa na haraka zake. Alitandika tabaka zote uso ukiwa juu, akaweka kiolezo kimoja cha mkono, akakata. Tukapata mikono mia moja na ishirini, yote ya kushoto.

Mimi ndiye ninayeunga mikono. Makoti matatu ya kwanza yalinisumbua, nikasema ni uchovu. Kwenye la nne nikaona wazi: alama ya mbele inaangukia nyuma. Nikafumua, nikaunga upya, ikawa vilevile. Nikampelekea Profesa.

"Mbona hii mikono kama ni ya upande mmoja?"

"Dada, wewe umeanza kukata lini?" akasema bila kuinua macho. "Shona. Pasi itanyoosha."

Ningeweza kubisha. Nilirudi nikashona. Nilivuta, nikalazimisha, mpaka makoti yote yakaisha. Funika kombe mwanaharamu apite.

Mama Pasi alipotandika koti la kwanza tu alijua. Akalibeba mpaka meza ya kukatia. "Profesa, hili koti lina mikono miwili ya kushoto." Profesa akacheka, akasema mwenye pasi asimfundishe mwenye mkasi. Dada Kucha wa vifungo, ambaye kucha zake ni ndefu kuliko bidii yake, akacheka naye. Mimi nikainamia mashine. Msimamizi alikuwa ameahidi mzigo utoke Jumatano, akamwambia Mama Pasi apige pasi aache maneno. Mzigo ukatoka.

Alhamisi mchana yakarudi yote. Walinzi hawakuweza kuinua mkono wa kulia. Mmoja alijaribu kumpigia mkubwa wake saluti, kwapa likapasuka mbele ya wageni. Ningecheka kama ingekuwa karakana ya jirani.

Msimamizi akatukusanya. "Nani kaharibu hii kazi?"

"Mimi nilikata sawasawa," Profesa akasema. "Mvuke ukizidi, kitambaa kinavutika. Muulize aliyegusa mwisho."

"Mvuke wake ni mkali jamani," Dada Kucha akadakia. "Hata vifungo vyangu vinalalamika."

Mama Pasi hakupandisha sauti. "Mvuke haugeuzi mkono wa kulia ukawa wa kushoto. Nilisema tangu Jumanne. Huyu alikuwepo." Akanitazama mimi.

Wote wakanitazama. Nilitakiwa kusema neno moja tu. Nikasema, "Mimi naunga ninacholetewa." Ndivyo tulivyomwangushia jumba bovu, kila mtu na tofali lake.

Msimamizi akaamua: Profesa atakata mikono mingine sitini, na Mama Pasi atafumua ile iliyoungwa upande wa kulia. "Kesho ruhusa hakuna." Akaibandua ile karatasi ukutani, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Mama yangu ana miadi ya hospitali," Mama Pasi akasema.

"Kila mtu ana mama," Msimamizi akajibu.

Ijumaa nilimkuta ameshaanza kufumua, macho yamemvimba. Sikumsalimia vizuri, aibu ina adabu mbaya. Saa nne ilipokaribia alikuja mashineni kwangu na koti mkononi. Lilikuwa na kikaratasi cha namba nne. Akanionyesha matundu ya sindano begani, mistari miwili badala ya mmoja.

"Hili lilishonwa, likafumuliwa, likashonwa tena," akasema. "Ulijua."

"Nilijua."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Hapo simu yake ikaita, akaiangalia mpaka nikadhani hataipokea.

"Ni mama," akasema. "Tangu jana nashindwa kumwambia." Akanipa simu. "Mwambie wewe."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe nani?"

"Nafanya kazi na binti yako."

"Ahaa. Basi mwambie nimeshavaa. Niko hapa mlangoni, viatu nimevaa mwenyewe."

Nikasema, "Mama, binti yako amezuiwa kazini kwa kosa langu. Subiri hapohapo."

Nikalichukua koti namba nne mpaka kwa Msimamizi, nikaeleza yote: alama, kiolezo, Profesa, na kimya changu. Profesa akauliza kwa mbali nimekula nini. Msimamizi alitazama saa kuliko alivyonitazama mimi. "Mwache aende. Utafumua wewe." Profesa hakuambiwa kitu. Mama Pasi alichukua mkoba wake saa nne na nusu, akatoka bila kuniaga. Nilibaki na mikono arobaini na tatu.

Jumatatu alikuwa mezani kwake kabla yetu. Niliogopa kuuliza, nikauliza.

"Tulifika saa sita kasorobo. Jina lilishaitwa. Wametupa tarehe nyingine, baada ya miezi saba."

"Na jicho?"

"Wanasema huenda likangoja, huenda lisingoje."

Kwenye meza ya kukatia, Dada Kucha alikuwa amemletea Profesa kola iliyokaa upande, na jibu nililisikia mpaka huku. Mama Pasi naye alilisikia. Alijaza maji kwenye pasi, akafuta meza kwa kiganja.

"Mama anakusalimia," akaniambia. "Anakushukuru kwa kumwambia ukweli. Anasema siku nyingine useme mapema."