Hotpoti Iliyorudi Tupu

Kabla ya Lushoto, safari zetu zote za kifamilia zilikuwa za misiba. Mikoa tuliijua kwa waliotufia huko. Hatukuwahi kupanda basi wote wanne bila mtu mmoja kuwa analia. Kwa hiyo baba alipostaafu, na siku moja akatangaza wakati wa chakula kwamba mwisho wa Desemba tunakwenda Lushoto, mama aliweka kijiko chini akauliza nani kafa.

Baba akasema hajafa mtu. Tunakwenda tu.

Tulikaa siku kumi, na hadi leo nikizikumbuka najikuta nimetabasamu. Baba, ambaye jotoni kwetu Temeke hukaa na singlendi kutwa, alijizungushia khanga ya mama shingoni na kusisitiza kwamba ni skafu. Mdogo wangu, binti wa miaka tisa, kila asubuhi aliamka na swali lilelile: leo tunakwenda wapi? Na kila siku palikuwa na pa kwenda: maporomoko ya maji, soko, njia ya msituni isiyojulikana inaishia wapi. Mimi nilikuwa na mwaka na nusu tangu nimalize chuo, nikishika simu kila dakika kama mtu anayejipima homa, nikingoja kuitwa kwenye usaili. Kule milimani kulikuwa na siku mbili nzima nilizosahau kuiwasha. Nilipogundua nilishtuka, kisha nikaanza kujiuliza kama kusahau kuhangaika si dalili ya tatizo jingine.

Jirani yetu wa ukuta mmoja ni mtu wa Lushoto. Aliletwa Temeke akiwa bibi harusi, na baada ya wazazi wake kufariki hakupanda tena milima ile. Yeye na mama ni mashoga wa miaka ishirini. Mimi namwita mama mkubwa. Alfajiri ya safari alitugongea mlango na hotpoti yake ya maua ya kijani, imejaa chapati za njiani. Akasema tusihofu kuhusu nyumba, kuku atawalisha yeye, mchicha ataumwagilia yeye. Alituagiza kitu kimoja tu, plamu za kwao, yale matunda mekundu ya milimani.

Sasa, kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Sheria hii nimeijua kabla ya kujua kusoma. Jirani akikuletea futari kwenye bakuli, bakuli litarudi na chochote, hata ndimu mbili, hata chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Chombo kitupu ni maneno, tena maneno mabaya. Ni kumwambia mwenzio kwamba yaliyokuwepo yameisha.

Mama aliibeba hotpoti ile hadi Lushoto kwa ajili hiyo hasa. Siku ya mwisho alisimama sokoni karibu saa nzima akichagua plamu za jirani, mojamoja, akizigeuzageuza kama anayenunua dhahabu. Akazipanga ndani ya hotpoti, akafunga kifuniko, akasema humo hazitapondeka. Hilo lilikuwa kweli. Lakini hotpoti kazi yake ni kutunza joto, na siku ile basi letu lilikuwa kama tanuri kuanzia Mombo hadi Dar. Kati yetu wanne, mmoja akiwa na shahada, hakuna aliyewaza hilo.

Kesho yake asubuhi mama alinikabidhi hotpoti nimpelekee mwenyewe. Ni hatua kumi na tano kutoka mlango hadi mlango. Katika hatua ya nane nikahisi kitu chenye kunata kinanitiririkia mkononi. Nikafungua. Plamu zilikuwa zimepasuka na kuogelea kwenye maji yao, na harufu iliyotoka ilikuwa ya pombe ya kienyeji.

Mtu mwingine angerudi kwa mama akamwambia. Mimi nilisimama nikaanza kufikiri, na hapo ndipo mambo yangu yote huharibikia. Niliwaza kwamba mama mkubwa ni mtu wa swala tano, nikimpelekea kitu kinachonuka pombe atasema tunamkejeli. Niliwaza kwamba mama akiziona atalia, maana alizichagua kwa saa nzima. Niliwaza kwamba nikitupa jalalani mtu ataona. Mwisho nikapita nyuma ya nyumba, nikawamwagia kuku, nikaisuuza hotpoti vizuri sana, nikaenda kugonga kwa jirani.

Mpango wangu ulikuwa kumweleza ana kwa ana, kwa maneno mazuri niliyokuwa nimeshayapanga. Lakini alikuwa bafuni. Akaniambia kwa sauti kutoka ndani niweke tu mezani, mwanangu, asante, na nimwambie mama atakuja kusikiliza habari za nyumbani. Nikaweka. Nikajiambia jioni nitarudi nieleze. Jioni nikaona kueleza bila kitu mkononi ni vibaya zaidi. Kesho yake nikaona nimechelewa, na kwamba sasa nitalazimika kueleza pia kwa nini nimechelewa.

Hakuja kusikiliza habari.

Siku ya tatu mama alimfuata. Alirudi upesi mno. Alipokewa mlangoni, akajibiwa kwa heshima, hakuambiwa karibu uketi. Mama alikaa kwenye cherehani yake bila kushona na kuniuliza kama niliona mtu yeyote mgonjwa kule nilipopeleka plamu. Nikasema sikuona. Huo haukuwa uongo, na nilikuwa mwepesi kujipongeza kwa hilo.

Kwangu mimi, mabadiliko yalikuwa kwenye shikamoo. Siku zote nikimwamkia mama mkubwa, marahaba yake ilikuwa na mkia mrefu: umeamkaje, umekunywa chai, hao watu wa kazi wamepiga, mbona umekonda. Sasa ilikuwa marahaba tu, kavu, kisha anainama kuendelea kufagia. Sikujua kama yale maswali yaliyokuwa yakiniudhi ndiyo yaliyokuwa yakiniinua kila asubuhi. Nikamwona mama naye akianika nguo upande wa pili wa ua ili wasikutane macho. Urafiki wa miaka ishirini ulikuwa unakufa mbele yangu, na aliyejua sababu nilikuwa mimi peke yangu.

Wakati huohuo mdogo wangu alikuwa hajakubali kwamba likizo imekwisha. Shule zilikuwa bado hazijafunguliwa, na kila asubuhi aliuliza leo tunakwenda wapi. Baba alijitahidi. Jumamosi alitupeleka vilima vya Pugu, tukatembea msituni hadi baba akasema magoti yake yanaomba likizo yao. Ilikuwa siku nzuri. Tulikula mihogo ya kukaanga tumekaa juu ya gogo, na mdogo wangu akatangaza kwamba Pugu ni Lushoto iliyosahau kuvaa sweta. Nilicheka kama wengine, lakini nilikuwa nikitazama kila mti nikijiuliza kama unaweza kuzaa plamu.

Jumatatu nikamwambia mdogo wangu tunakwenda kutafuta kitu, na kwamba ni siri. Macho yakamwaka.

Soko la Temeke plamu hawakuzijua. Mwuza matunda mmoja alituonyesha zambarau akatuapia kuwa ni plamu za kiswahili. Nilipokataa akaniambia, sista, wewe unachagua tunda kama unachagua mchumba. Kinondoni tulielekezwa Mikocheni, na Mikocheni tukazikuta, kwenye duka kubwa lenye baridi kuliko Lushoto, zimelala sita kwenye kisahani zimefunikwa nailoni. Kila moja ilikuwa na kijistika cha nchi ya mbali. Niliitazama bei, nikageuka kutazama kitu kingine, nikarudi, nikachukua.

Tulikwenda Msasani tukakaa kwenye ukuta mfupi karibu na ufukwe ili mdogo wangu aloweshe miguu, na hapo nikaanza kubandua stika kwa kucha.

“Mbona unazivua nguo?” akaniuliza.

Nikamwambia ili zipendeze. Akaokota stika moja iliyoanguka.

“Dada, unataka kumdanganya nani?”

Nilimpa moja ale. Akatafuna, akasema ni tamu lakini haina kitu. Nilipaswa kumsikiliza. Mtoto wa miaka tisa alikuwa ameshanipa hukumu yote.

Tulifika nyumbani kabla ya alasiri. Nilizipanga tano zilizobaki kwenye sahani, nikaenda kwa mama mkubwa peke yangu. Alikuwa barazani anachambua mchele. Nikaamkia, akaitika, nikasema kwa pumzi moja kwamba hizi ni plamu zake, zilikuwa zimesahaulika kwenye begi, tumeziona leo.

Akapangusa mikono. Akachukua moja, akaibonyeza, akainusa upande wa kikonyo. Akauma. Alitafuna taratibu sana huku akiangalia ukuta, na mimi nikasimama pale kama mwanafunzi anayengoja matokeo.

“Hii haijawahi kuona ukungu,” akasema.

Akairudisha kwenye sahani.

“Mwanangu, mie nimekulia juu ya miti ya hizi. Hii imelelewa kwenye jokofu. Keti hapo useme.”

Nikaketi, na yakatoka yote, bila mpangilio, maneno mazuri niliyoyapanga hata moja halikuja. Nilisema joto, nilisema kifuniko, nilisema harufu, nilisema mama alizichagua saa nzima na hajui lolote. Nilipofika kwenye kuku alinikatiza.

“Ya kuku nayajua. Niliwaona.”

Akaniambia alitoka bafuni, akafungua hotpoti akiwa bado na taulo kichwani, kwa hamu yote, akakuta inang'aa. Akadhani amekosea kuangalia. Akaenda dirishani kuniita, na kupitia dirishani akawaona kuku wetu wanagombania plamu. Kuku wale wale aliowalisha siku kumi. Akasimama pale akiwatazama mpaka walipomaliza.

“Nikasema, basi sawa. Kuku wameletewa zawadi, mlinzi kaletewa chombo chake.”

Alilisema bila kupandisha sauti. Nilikuwa nimetumia siku zote zile kuwaza kuhusu aibu yangu, na haikunijia hata mara moja kwamba yeye upande ule wa ukuta alikuwa anahesabu miaka ishirini upya, akijiuliza ni lini alikuwa mtumishi wetu bila kuambiwa. Nikaanza kulia. Akaniambia nisimlilie kwenye mchele.

“Plamu zilizochacha huko kwetu tunakula,” akasema. “Zile ndizo tamu. Ungeniletea hata maji yake, ningekunywa. Sasa nenda ukamwambie mama yako kwa mdomo wako, si kesho. Mie niko hapa.”

Hatua kumi na tano. Mama alikuwa anashona. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, na mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani.

“Tupu?”

Nikaitika.

“Tupu kabisa? Hata chumvi?”

“Hata chumvi, mama.”

Akafunga macho. Baba, aliyekuwa anasikiliza redio, aliizima kwa adabu kama mtu aliyeingia msibani. Nilingoja kugombezwa. Mama badala yake alisimama, akavuta khanga, akanipita mlangoni bila hata kuvaa ndala, akauvuka ua kwa haraka ambayo sikuwahi kumwona nayo. Nikamfuata nyuma, nikaishia kwenye kona ya baraza.

Hakuanza kwa kuomba radhi. Aliketi chini kwenye jamvi, akavuta ungo wa mchele ukakaa katikati yao, akaanza naye kuchambua.

“Una salamu zako,” akasema. “Zimenikaa kifuani wiki nzima hii, nakaribia kuugua.”

Mama mkubwa akauliza salamu za nani, kwa sauti ya kutotaka kuuliza.

Ndipo nikasikia ambalo hata sisi hatukuwa tumeambiwa. Asubuhi ya siku ile ya soko, sisi tukiwa bado tumelala, mama alikuwa amekwenda peke yake kuuliza nyumba moja hadi nyingine juu ya ukoo wa jirani yake, hadi akampata mwanamke mzee kidogo kuliko wao, anayeuza maharage, aliyesoma madrasa pamoja na mama mkubwa. Mwanamke huyo alishika mikono ya mama akauliza kama yule mwenye mwanya bado anaimba akifagia.

Mama mkubwa aliacha kuchambua. Akataja jina la mwanamke huyo, polepole, kisha jina la utani walilokuwa wakimwita. Akaziba mwanya wake kwa kiganja.

“Anauza maharage?” akasema. “Yule? Alikuwa hawezi kuhesabu hata vidole vyake.”

“Basi anauza, na kanipunja.”

Walianza kucheka, kwanza mama, kisha wote wawili, na mchele ukawa unarudi kwenye ungo bila kuchambuliwa. Mama mkubwa alitaka kujua mwenzake amevaaje, ana wajukuu wangapi, nyumba yao ya bati ipo au imeanguka. Mama alijibu na palipokosekana jibu alikisia. Kisha wakahamia kwangu. Mama alisema amesomesha mtoto hadi chuo kikuu ili aje kufanya majadiliano na plamu. Mama mkubwa akasema asinilaumu, akili zikizidi hupitiliza mlango.

Ningeweza kuondoka. Lakini mama mkubwa aliinua kichwa, akaniona pale konani, akaniuliza mbona nimesimama kama askari, nimekula tangu asubuhi, na hao watu wa kazi wamepiga au bado.

Nikasema bado, mama mkubwa. Nikaenda kuketi nao.