Mgeni Hatoki Peke Yake

Nakumbuka Jumapili moja nilipotoroka nyumba ya watu walionilaza kwenye kitanda chao kizuri kuliko vyote. Sikuiba hata kijiko, mwanangu, lakini nilikosa. Nakusimulia kwa sababu juzi ulinipigia simu ukasema rafiki yako amekualika kwao mwisho wa wiki na hutaki kwenda, eti hutaki kuwasumbua watu. Keti kidogo basi, nikwambie yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilitoka Kondoa nikaenda Bujumbura kufanya kazi ya ukarani katika ofisi moja ya kutoa mizigo forodhani, mtaa wa Rohero. Chumba changu kilikuwa Mutanga Nord. Mchana nilikuwa na watu, najibu simu na kupiga mihuri. Ijumaa jioni nikishafunga mlango, sikusema neno na mtu mpaka Jumatatu. Wakati mwingine nilisoma kwa sauti maandishi ya paketi ya majani ya chai, nisikie tu kama sauti bado ninayo. Cheka, hata mimi nacheka sasa. Wakati ule sikucheka.

Pale ofisini alikuwapo Goreth, msichana mwenzangu wa rika langu. Ijumaa moja akaniambia, "We, leo haulale peke yako. Mama amesema nikulete." Tukaenda kwao Gasenyi, mimi na kilo mbili za sukari, maana mkono mtupu haulambwi.

Mama Goreth alinikumbatia mlangoni muda mrefu, kana kwamba tunajuana. Nikapewa kitanda cha Goreth, naye akalala chini kwenye mkeka. Jumamosi mchana mama akaleta ndizi na maharage, lengalenga, yaani mchicha wa kwao, na sahani ya kuku akaiweka mbele yangu. Sasa mimi Mwislamu, wao Wakristo. Nikajiuliza, nani kamchinja? Kuuliza nikaona aibu, nikaogopa wasije wakadhani nawaona wachafu. Nikala ndizi, nikasema nimeshiba. Mama akaisogeza sahani. Nikasema tena nimeshiba. Akanitazama, akaiondoa mezani, na hakuna mwingine aliyeigusa.

Jioni wakakaa uani wakiongea Kirundi. Wanacheka, halafu katikati ya maneno nasikia jina langu. Goreth alinitafsiria mara mbili tatu, kisha akasahau. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, na siku hiyo nilijiona mweupe kweli. Upweke wa chumbani nilikuwa nimeuzoea. Huu wa kukaa katikati ya watu wanaopendana ulinishinda. Nikaamini kabisa kwamba wananisema, kwamba wananivumilia tu.

Asubuhi walipokwenda misa, nilisema kichwa kinaniuma, nikabaki. Nikakunja shuka, nikaacha karatasi ya shukrani, nikafunga geti na ufunguo nikausukumia chini yake. Nikapita na begi langu mbele ya mtaa mzima. Mzee Sadiki, fundi baiskeli wa pale kwenye kona, alinisalimu kwa salamu ya Kiislamu. Nikaitikia bila kusimama. Nilipofika chumbani nikazima simu, nikalia, na bado nikajiona nimewapumzisha.

Saa tisa mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Goreth, bado na nguo zake za misa, jasho usoni. Goreth alikuwa nyuma yake, hataki hata kunitazama.

"Tulikukosea nini?" akauliza mama.

Nikaanza kusema sikutaka kuwasumbua. Hakuningoja nimalize.

"Apana. Mugeni hatoke peke yake. Ukitoka na sakoshi yako, hakuna mutu anakusindikiza, kartie yote, mutaa muzima, inasema nimekufukuza. Inasema nimenyima mutoto wa watu chakula. Leo wameniuliza kwenye barabara. Kamata sakoshi, turudi. Utatoka vizuri."

Nilidhani anatania. Wapi! Tukapanda basi na begi langu, tukarudi Gasenyi. Njiani Goreth akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. Akanieleza kwamba jana jioni, jina langu lilipotajwa, mama alikuwa anawauliza, "Wanangu nyinyi, nani anajua huyu anapenda kula nini, maana kwangu amekaa na njaa?" Niligeuka dirishani nisionekane uso.

Tuliposhuka, mama alinipeleka kwanza kwa Mzee Sadiki. "Muambie," akasema.

Mzee akafuta grisi mikononi. "Ile kuku ya jana? Ni mi nilichinja. Mama alikuja kwa miguu asubuhi, ameishika kwa mukono. Anasema, Sadiki, niko na mutoto mwislamu kwangu, sitaki akule na wasiwasi." Akatikisa kichwa. "Ungeuliza tu, binti yangu."

Yule kuku akapashwa moto. Nikala, na wote wakala. Saa kumi na moja wakanisindikiza, nyumba nzima, mama akinibebea begi, polepole, akisimama kila geti kusalimia na kusema mugeni wetu anarudi. Mwendo wa dakika kumi ulichukua karibu saa nzima. Basi lilipokuja akanikabidhi begi. "Sasa umetoka," akasema.

Sikudanganyi kwamba upweke uliisha. Ijumaa nyingine nyingi nilifunga mlango vilevile. Ila nilijua katika mji ule kuna geti moja ambalo nisipoonekana, wataniulizia. Nilirudi Kondoa baadaye, na nikiwa huku Goreth akanipigia simu kwamba mama amefariki na wanamzika kesho. Nauli sikuwa nayo, na siku moja isingenifikisha. Yule aliyevuka mji kuja kunisindikiza, mimi sikumsindikiza. Hilo bado linaniuma, mwanangu.

Kwa hiyo nenda. Usiwaamulie watu kwamba unawasumbua, wao ndio wanaojua. Usichokijua uliza, kuuliza si ujinga, na aibu ya kuuliza ni ya dakika moja tu. Na siku ya kuondoka, hata kama una haraka, waache wakusindikize.

Mungu akupe wenyeji huko ugenini, na kila utokapo, awepo wa kukubebea begi hata hatua kumi. Amina.