Mlio wa Pikipiki ya Laurensia

Laurensia alipostaafu uafisa mifugo alibaki na nyumba Pangani, Kibaha, na pikipiki kuukuu. Wenzake walifungua maduka ya dawa za mifugo. Yeye aliomba kibali cha kulea watoto wawili wa mondo, wale paka wa porini wenye miguu mirefu na masikio makubwa. Mama yao aliuawa kwa mapanga na wachoma mkaa wa Masaki, wilayani Kisarawe. Walisema amekula kuku. Kuku mwenyewe hakuna aliyemtaja ni wa nani. Ndivyo tulivyo: tunaua kwanza, sababu tunaitafuta baadaye.

Aliwajengea banda huko huko Masaki, kando ya msitu, akawa anakwenda kila siku. Kanuni yake ilikuwa moja: wasizoee watu. Mondo aliyezoea watu akiachiwa huwafuata, na akiwafuata atauawa. Kwa hiyo alijifunika gunia, hakuwasemesha, hakuwapa majina. Alipenyeza panya kwenye tundu la ukuta wa makuti, akaondoka.

"Mama Mifugo, tuonyeshe wajukuu basi!" Anifa, mwenye shamba la jirani, alimtania.

"Nenda kapalilie mihogo yako."

Miezi tisa ikapita. Walipoweza kuwinda wenyewe, aliwafungulia mlango. Wiki mbili hakukanyaga bandani; Anifa alipomwambia hajaona hata unyayo wao, alimshukuru Mungu.

Wiki ya tatu, Kondo, kijana anayebeba mkaa kwa pikipiki, alimsimamisha njiani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Paka wako mmoja nimemgonga, kafa. Kakaa katikati ya njia kama trafiki."

"Ungefunga breki."

"Na magunia manne? Nilijua atakimbia. Mnyama wa porini si anakimbia, mama?"

Laurensia aliwasha tena pikipiki. Aliendesha mpaka bandani kumtafuta yule wa pili. Hata hajazima injini, majani yakatikisika. Mondo akatoka, akaketi mbele ya gurudumu, macho kwenye keria, pale ilipokuwa ikifungwa ndoo ya panya.

Hapo akaelewa. Alificha uso, alificha sauti. Mlio wa pikipiki hakuuficha, na kwa miezi tisa chakula kilikuja na mlio ule.

Alishuka akamrushia bonge la udongo. Mondo alirudi nyuma hatua tatu, akaketi tena. Akamrushia jingine, likampata ubavuni.

"Nenda! Nenda, mwanangu, nenda!" Lilikuwa neno la kwanza kumwambia.

Hakwenda. Alisubiri ndoo.

Laurensia alizima injini, akaanza kuikokota pikipiki kwa mkono, kwenye mchanga, ili asimfuate. Hakufika mbali. Kutoka upande wa kijiji cha Marui zilisikika pikipiki za mkaa zikija, tatu au nne. Aligeuka. Mondo alikuwa ameshasimama, masikio yameelekea barabarani.