Kupimwa Presha Tukuyu, Mkwe Akiwa Kwenye Benchi

Niliondoka Kisondela kwa sababu kiwanda cha chai kilikuwa kimeniita kazini, idara ya kufungasha, kwa sharti moja: nipimwe afya kwanza Tukuyu. Mume wangu yuko mbali kikazi, watoto wanakua, na kazi ya mshahara huku kwetu haipatikani kirahisi. Mama mkwe alikuwa amemweleza baba mkwe habari hiyo. Mzee hakujibu kitu, na kimya chake kilininyima raha.

Alfajiri nilishuka kwa miguu kati ya migomba hadi barabarani. Nilikuwa sijala, maana nilisikia damu hupimwa tumbo likiwa tupu. Kumbe kwa vipimo vyangu haikuwa lazima. Ulizeni kwanza, njaa na baridi ya Rungwe havipatani. Dereva wa bodaboda alinipa koti lake la mvua, tukapanda ndani ya ukungu, naye akinitania kama nitamkumbuka nikianza kula mshahara.

Tukuyu, asubuhi. Vipimo vyenyewe si vya kutisha. Unapimwa uzito na urefu, unatoa damu na haja ndogo, unaziba jicho moja na kusoma herufi za ukutani, kisha la pili. Daktari anasikiliza kifua. Halafu unachuchumaa na kusimama, unanyanyua boksi kutoka sakafuni hadi mezani. Mimi niliyezoea mkungu wa ndizi kichwani, boksi lile niliona mchezo. Ikabaki presha.

"Kapumzike kwenye benchi hapo ukumbini, nitakuita," alisema nesi, dada mgeni wa huku.

Natoka tu, namwona baba mkwe kwenye benchi! Alikuwa amekuja kuchukua dawa zake. Kwetu Wanyakyusa, mke hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hasemi naye, na njiani humpisha. Siku hizi wengi wameacha. Nyumbani kwetu bado. Nikajifunika kitenge usoni, nikazunguka nyuma ya jengo na kujibanza kwenye tenki la maji huku mvua ikininyeshea. Nilipoitwa, nikaingia mbio kwa mlango wa nyuma.

Nesi alitazama mashine, kisha akanitazama mimi. "Mama, presha iko juu sana. Kwa hali hii siwezi kuandika kwamba unafaa kazi."

Niliiona kazi ikiniponyoka hivi hivi.

"Si nilikwambia ukae? Unazunguka jengo kwa nini?"

"Kwenye benchi yupo mkwe wangu, dada."

"Kwani mkwe ni simba?"

Kabla sijajibu, sauti ya mzee ilisikika kutoka ukumbini. Hakuwa anasema na mimi. "Nesi, huyo mama akae hapa. Mie natoka nje."

"Mzee, mvua hiyo! Na foleni yako je?"

"Mvua ya Tukuyu naijua, mwanangu."

Nikaenda kukaa. Pale alipokuwa amekaa bado palikuwa na joto, nami nikakaa mwisho kabisa wa benchi, mbali napo. Nilipumua taratibu hadi nikatulia. Nesi akapima tena, akatabasamu. "Unafaa, mama."

Nilipotoka, mzee alikuwa chini ya baraza la duka, ameloa, ameipa barabara mgongo ili nipite. Nilitaka kumshukuru, lakini mwiko hauruhusu. Nikajifunika kitenge, nikapita.

Jioni, Kisondela, nilimsimulia mama mkwe yote. Kwenu mnaojiandaa kupimwa nasema hivi: kaeni mtulie kabla ya presha, msije mkakosa kazi kwa hofu tu. Kuhusu kimya cha mzee, maana yake niliijua usiku huo huo. Nilimwomba mama ampelekee ndaga yangu, yaani shukrani. Akaenda, akarudi akicheka.

"Mzee anauliza, kwenda kiwandani utapita njia ipi kila asubuhi? Ng'ombe wake anataka awapitishe ile nyingine, msikutane."